Wati Tano Ziko Wapi

Nawandikia wendani, mlio Wete na Chake,
Niko hapa Kiuyuni, naomba taa iwake,
Redio i mkononi, sijui kasoro yake,
Wati tano ziko wapi, mbona inatoka nusu?

Ilikuja mfukoni, vipande kama dagaa,
Nikamwaga sahanini, mia na mbili vifaa,
Mama kasema jikoni: "Ni choroko za balaa?"
Nikachoma moja moja, risasi ikinukia.

Kusikia yasikia, tena yasikia mbali,
Usiku wanimwagia, vidoti vyao vikali,
Wa Omani na India, na mmoja wa Nepali,
Mimi nikiwaitika, hapana ageukaye.

Nikaifunga bandia, antena ya kujaribu,
Mita nikaitumia, ili kuhakiki jibu,
Mshale ukasinzia, ukanyanyuka kwa tabu,
Wati tano ziko wapi, mbona inatoka nusu?

Betri nikailaumu, ya pikipiki ya Faki,
Kuipima, ni timamu, kumi na tatu za haki,
Kumbe bure nadhulumu, kesi yake haishiki,
Nikafunga nyingine tu, ya sola ya ukumbini.

Vyenye miguu mitatu, navigusa polepole,
Cha moto hakuna, katu, vibaridi vile vile,
Nikatafuta na kutu, kwenye nyayo na vidole,
Asotoka jasho hilo, huyo hakwenda shambani.

Nikampigia Mize, fundi wetu Mkoani,
Kasema, "Usijilize, kahesabu za peteni,
Mpito usipoteze, kila upenyapo ndani
Hiyo ni mizani moja, pungufu yake ni guni."

Mdogo wangu Khatibu, miwani kaitundika,
Akaanza kuhesabu, ulimi ukamtoka,
Nane, tisa... taratibu, kumi, hakuna kuruka,
Ubeti hauna guni, sasa tumshike nani?

Saa saba za usiku, mvua yapiga mabati,
Nikalilaani buku, lisosema kwa wakati,
Mama kabisha, "Ni siku ngapi u na hizo wati?"
Wati tano ziko wapi, mbona inatoka nusu?

Pete nikaitikisa, waya ukacheza chini,
Kiungo kilinitesa, kikang'ara hadharani,
Kumbe harusi ya pesa, hawajaonana ndani,
Waya una ngozi yake, haujavuliwa koti!

Ngozi nyembamba ya rangi, macho huiita shaba,
Nami nikiwaza mengi, sikuikwangua haba,
Risasi natia nyingi, nikadhani imeshiba,
Kidonda kuvishwa kanzu, hakukifanyi kipone.

Nikachukua kiwembe, nikakwangua kwangua,
Ngozi ikatoka chembe, waridi likachanua,
Risasi mfano tembe, ikaganda na kutua,
Sasa waya na kibao, ndoa yao ni ya radhi.

Nikabonyeza kitufe, Khatibu kashika mita,
Moyoni nasema, "Ife, heri kuliko kusita,"
Khatibu: "Dada, usife! Nne na nusu zapita!"
Tano hazikutimia, lakini nani adai?

Bandia nikaitoa, ya mnazini kafunga,
Jogoo ashakohoa, huko nyuma ya kiunga,
Mama jikoni, kwa doa la taa, akanda unga,
Nikakishika kitufe, kidole kina baridi.

Alfajiri nikaita, jina langu kwa vidoti,
Mara mbili ikapita, kimya, ni mvua na bati,
Ya tatu akanipata, Mnepali kwa bahati,
"Nakusikia dhaifu, lakini upo," kajibu.

Nawaaga wenzi wangu, wenye chuma cha kuchoma,
Nusu moja iko kwangu, sijui ilipokwama,
Kesho pete zote zangu, nitazikwangua vyema,
Nusu ya mwisho i wapi, mbona haijatokea?